Mama Aliyengoja Kutwikwa

Sikuwa nimelala. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu niliyemweleza habari hii aliniuliza kwanza kama nilisinzia juani. Ilikuwa mchana, nilikuwa macho, na nilikuwa nimekunywa uji tu. Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma mpaka darasa la nane nikaacha, na nikisimama mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito. Ndiyo maana naandika. Naandika polepole, nikikosea nafuta, lakini sitaongeza kitu ambacho hakikuwepo.

Kwetu ni upande wa Nyaramba, kwenye mteremko. Juu kuna barabara na kanisa, katikati kuna nyumba yetu na chai ya Baba, na chini kabisa kuna mto. Nyuma ya jikoni yetu migomba imeachana kidogo, na ukiweka kigoda hapo unaona kivuko chote, kuanzia mawe ya kufulia hadi daraja la magogo.

Mwaka ule nilikaa hapo kuliko kawaida. Nilikuwa nikipogoa chai, panga likateleza likanikata juu ya kifundo cha mguu. Kidonda kilishonwa lakini kilikataa kupona haraka. Sikuweza kuchuma chai, sikuweza kwenda popote. Kazi yangu ikawa kutazama mto.

Usifikiri mto unachosha. Asubuhi na mapema wachumaji chai walivuka daraja na vikapu mgongoni, wakigombana nani apite kwanza kwa sababu magogo yanateleza. Kisha walikuja wanawake wa kufua. Kisha punda wenye mitungi ya manjano. Jua likipanda, vijana wa bodaboda walishuka kuosha pikipiki, na akina mama wakawafokea kwamba wanatia mafuta kwenye maji ya kunywa. Jioni ng'ombe. Nilijua nani ana sabuni gani, nani huimba akifua na nani husengenya. Moraa, mke wa kaka yangu, alikuwa akinicheka.

"Shemeji," aliniambia, "huo mto utaumaliza kwa macho. Waachie wengine kidogo."

Kuna jambo moja ambalo kama hukukulia karibu na mto huenda hulijui. Mtungi ukishajaa maji, mwanamke hawezi kuuinua peke yake hadi kichwani bila kujiumiza. Kwa hiyo husimama kando yake akangoja. Yeyote anayepita anaambiwa, "Nitwike," na huyo anamtwika. Hakuna kukataa. Nimewaona wanawake wawili ambao hawajasalimiana tangu kesi ya mpaka wa shamba wakitwikana kimya, kila mmoja akashika njia yake.

Jambo la pili ni Sabato. Sisi ni Wasabato, na karibu kila nyumba kwenye mteremko wetu ni ya Wasabato. Ijumaa kabla jua halijazama kila kitu kinakuwa tayari: kuni, nguo, chakula, maji. Jumamosi hakuna anayefua wala anayechota. Mto hukaa mtupu kabisa, hata punda hupumzika. Wengine wote wakiwa kanisani, mimi na mguu wangu tulibaki tukitazama maji yakipita bila mtu.

Jumamosi moja nikamwona mama amesimama kivukoni.

Alikuwa amefunga leso kuukuu iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Kando yake kulikuwa na nyungu, nyungu hasa ya udongo. Ni nani siku hizi anachota maji kwa nyungu? Alisimama akiwa ameelekea ng'ambo, mikono kiunoni, jinsi mtu anavyosimama akingoja kutwikwa. Lakini angetwikwa na nani, siku hiyo?

Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Kijana aliyekwisha kutahiriwa hamkodolei macho mwanamke aliye sawa na mama yake, hasa mtoni, ambako wengine huenda kuoga. Nikageuza uso. Nikitazama tena baadaye, bado yupo. Nikageuza tena. Watu walipotoka kanisani na sauti zao zikaanza kushuka mteremko, niliangalia kivuko, nikakikuta kitupu.

Jumamosi iliyofuata alikuwepo tena, na nyungu yake. Moraa pia alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo kwa sababu alikuwa na mimba kubwa na miguu ilikuwa imemvimba. Nikamwuliza, "Shemeji, ni nani huchota maji siku ya Sabato?"

"Labda ni Mkatoliki."

"Wakatoliki wana kisima chao kule misheni."

"Basi labda ni mchumba wako," akasema, akiwa amelala kwenye mkeka kibarazani. "Ameona hakuna watu, anakungoja umtwike. Nenda, wewe! Utazeeka hapo kwenye kigoda."

"Hebu njoo umwone."

"Niinue tumbo hili lote nikamwone mtu anayevunja Sabato? Mwone wewe, kisha uniambie kama ni mrembo."

Tukacheka, yakaishia hapo. Nakuambia hivi ili ujue kwamba sikuwa na hofu yoyote wakati huo. Nilichanganyikiwa tu kidogo, kama unavyochanganyikiwa ukikuta kiatu kimoja njiani.

Lazima nieleze kuhusu mimba ya Moraa, kwa sababu ndiyo iliyotushika roho sote. Mwaka uliotangulia alijifungua mtoto ambaye hakulia. Tulimzika kando ya migomba. Kaka yangu alirudi Nairobi kwenye kazi ya mjengo, na Moraa akakaa miezi mingi bila kucheka. Alipopata mimba tena, Mama alianza kutembea nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Hakuna aliyesema, lakini wote tulijua kwamba huyu naye akikosa kulia, Moraa hatabaki jinsi alivyo.

Jumamosi ya tatu Mama hakutaka kwenda kanisani. Lakini yeye ni shemasi, na siku hiyo kulikuwa na Meza ya Bwana. Akamshika Moraa tumbo, akasema bado, labda wiki ijayo. Akanigeukia.

"Leo usitazame mto. Mtazame huyu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Wao kuondoka, na jua kupanda kidogo tu, Moraa akaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Uchungu ulikuwa umeanza. Nikampigia Mama simu, imezimwa, kanisani huzima. Baba huwa habebi simu siku ya Sabato. Nikampigia kijana mmoja wa bodaboda, akasema yuko Nyamira mjini, anakuja sasa hivi. Nikasimama nyuma ya jikoni nikapiga kelele kuelekea juu, halafu kuelekea ng'ambo. Mteremko mzima ulikuwa kanisani. Waliniitikia mbwa.

"Maji," Moraa alisema kutoka ndani. "Shemeji, niletee maji."

Nikaingia jikoni. Mtungi mmoja tulikuwa tumeumaliza asubuhi kwa kuoga na chai. Wa pili, ambao Mama aliujaza Ijumaa, ulikuwa mwepesi. Ulikuwa na ufa chini ambao hakuna aliyeuona, na maji yote yalikuwa yamevuja usiku kucha yakaingia sakafuni. Katika nyumba nzima hapakuwa na maji ya kujaza kikombe.

"Nikimbie kanisani nimwite Mama?"

"Kwa mguu huo? Lete maji kwanza! Nakufa kwa kiu!"

Nikachukua mtungi mwingine uliokuwa mtupu na fimbo yangu, nikashuka.

Yule mama alikuwepo. Sasa sikuwa mbali tena, nilikuwa nimesimama naye kwenye jiwe moja. Nikateremsha macho, kwa hiyo nilichoona vizuri ni miguu yake. Ilikuwa na nyufa kwenye visigino, kama miguu ya mtu yeyote wa kwetu. Ina maana gani basi, kama ilikuwa miguu ya kawaida? Sijui. Na juu ya kichwa chake alikuwa ameshaweka kata, ule mviringo wa kutegemeza mzigo, uliosukwa kwa majani ya mgomba.

"Nitwike, mwanangu," alisema. "Nimengoja sana. Watu wote wako kanisani."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini hana hasira.

"Mama, nina haraka. Kwetu kuna mgonjwa."

"Basi nitwike haraka. Mgonjwa wa nini?"

"Anajifungua."

"Na nani?"

"Peke yake."

Nilisikia maji yakipiga magogo ya daraja.

"Peke yake," akarudia. "Na wewe umesimama hapa unaongea. Nitwike, unanichelewesha."

Niliinama, naye akainama upande wa pili, kama inavyofanywa. Nyungu ilikuwa nzito, niamini. Mimi nimebeba vikapu vya chai tangu nikiwa mdogo, najua uzito, na ule ulikuwa uzito wa kweli wa maji. Udongo wake ulikuwa baridi hadi mifupa ya vidole ikaniuma. Sasa, unapomtwika mtu, kuna wakati nyuso zenu zinakaribiana sana, yeye akinyooka chini ya mzigo na wewe mikono yako ikiwa bado juu. Hapo ndipo ningemwona. Nikafumba macho. Haikuwa hofu, ilikuwa chinsoni. Nililelewa hivyo.

Mzigo ukatoka mikononi mwangu. Nilipofumbua macho alikuwa ameshanipita.

Nilidhani angevuka daraja, maana siku zote alikuwa ameelekea ng'ambo. Hakuvuka. Alishika njia ya kupanda, ile nyembamba inayopita katikati ya chai, ambayo haiendi kwa mtu mwingine yeyote ila kwetu.

"Mama!" nikaita. "Mama, hiyo njia ni ya kwetu!"

Hakugeuka. Mtu aliyetwikwa hageuzi shingo, hilo nalijua, kwa hiyo hata hapo nilijiambia ni sababu ya mzigo. Nikatumbukiza mtungi, ukajaa nusu, nikaanza kumfuata nikichechemea. Kidonda kikafunguka, damu ikaingia kwenye kandambili. Yeye alipanda bila kupumzika. Na jambo hili niliona kwa macho yangu mawili: njia ilikuwa kavu. Nyungu iliyojaa hadi mdomoni, mteremko mkali vile, na hakuna hata tone moja lililoanguka kwenye vumbi.

Kwenye kona ya mparachichi nikampoteza. Nikaweka mtungi chini nipumue, nikaubeba tena. Ndipo niliposikia mtoto analia.

Sijui nikuelezeje. Nilishuka nikamwacha Moraa ndiyo kwanza uchungu umeanza. Nilichota, nikatwika, nikapanda. Ni safari ambayo mtu mwenye miguu mizima huimaliza kabla uji haujapoa, na hata mimi mwenye kidonda sikukawia sana. Yule kijana wa bodaboda baadaye aliniapia kwamba alitoka Nyamira mara tu nilipompigia, hata soda hakunywa, na alipofika mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia uani. Mtoto alipata wapi muda wa kuzaliwa?

Nilisimama mlangoni. Mwanamume haingii chumba cha kuzalia. "Moraa?" nikaita.

"Shemeji! Ni msichana! Unamsikia? Analia!" Alikuwa analia yeye mwenyewe na kucheka. "Mwambie yule mama asiende kabla sijamshukuru."

"Mama yupi?"

"Si huyo uliyemtuma! Ametoka sasa hivi, mmepishana hapo mlangoni. Amenishika mgongo, amemuosha mtoto. Nilidhani atatumia maji baridi, kumbe yalikuwa ya moto."

Moto jikoni ulikuwa umezimika tangu asubuhi. Nilienda nikaweka kiganja kwenye mafiga. Baridi. Nikazunguka nyumba yote, nikaenda nyuma, nikatazama kivuko. Hakuna mtu. Nyungu haikuwepo nje wala ndani. Kilichobaki ni ile kata ya majani ya mgomba, kando ya mlango wa Moraa, imelowa.

Bodaboda iliwapeleka zahanati. Mimi nilifuata baadaye na Mama. Muuguzi alikuwa amemfunua mtoto, anatutazama sisi.

"Nani amefunga kitovu hiki?"

"Ni mama mmoja," nikasema.

"Ni uzi wa mgomba. Sijawahi kuona mtu akifunga hivi, nimesikia tu kwa bibi yangu. Mama yupi?"

"Sijui."

Hilo ndilo jibu nililo nalo mpaka leo.

Jioni ile, mtoto akiwa mzima na amenyonya, Moraa akamwambia Mama kwamba yule mwanamke alitaja jina kabla ya kuondoka. Alimweka mtoto kifuani pa Moraa akasema, "Mwiteni hivi." Moraa akalitamka. Mama alikuwa amesimama akikunja kitenge. Akakaa chini, si kwenye kiti, chini.

Lilikuwa jina la mke wa kwanza wa babu yangu. Bibi niliyemjua mimi, aliyemzaa Baba, aliolewa baada yake. Sikuwahi kusikia kwamba kulikuwa na mwingine. Mama alisimuliwa alipoolewa, mara moja tu, na akaonywa asilirudie jina hilo. Mwanamke huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Maji yaliisha siku ya Sabato, wengine wote wakiwa kanisani, akashuka mtoni na nyungu. Akangoja wa kumtwika. Mwishowe akajaribu kujitwika mwenyewe. Walimkuta jioni kando ya vigae, yeye na alichokibeba tumboni. Watu wa wakati huo wakasema amevunja Sabato, amejiletea. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mtoto ili asipotee. Yeye hakupewa mtoto yeyote.

Baba alikataa kabisa. "Mtoto ameokolewa na Mungu," alisema. "Siwezi kumpa mjukuu wangu jina lililokuja kwa miguu kutoka mtoni."

"Mbona basi alimsaidia?" Mama akauliza.

"Anayekusaidia hivyo hurudi kudai."

"Na asiyepewa anachoomba, yeye harudi?"

Kaka yangu alipopigiwa simu alisema, "Mwiteni mnavyotaka, mimi niko juu ya ghorofa hapa, nitaanguka." Mtoto akaitwa Neema. Moraa hakubishana na baba mkwe wake, lakini ile kata aliichukua akaiweka kwenye mkebe chini ya kitanda. Majani ya mgomba hukauka upesi, unajua. Haya hayajakauka. Niliyagusa wiki iliyopita. Ukiyabana yanatoa maji.

Nimemwuliza Moraa mara nyingi alikuwa na uso gani. Anasema alimwona vizuri sana, halafu akianza kunieleza, ni uso wa Mama, kisha anasema hapana, ni wa mama yake mzazi. Mimi nilifumba macho. Kwa hiyo katika nyumba yetu hakuna anayemjua.

Mguu wangu ulipona. Narudi kwenye kigoda changu siku za Sabato, na kivuko ni kitupu, sijamwona tena. Ningefurahi, kama isingekuwa Neema. Sasa anatembea. Ukimwita Neema, anaendelea na mchezo wake kama hajasikia. Tulimpeleka mjini akapimwa masikio, wakasema yako sawa. Na kila akiponyoka mkononi mwa Moraa, hukimbilia hapo nyuma ya jikoni, penye migomba iliyoachana.

Sabato iliyopita nilikuwa naye peke yangu hapo. Sijui ni nini kilinishika. Niliinama nikamnong'oneza lile jina.

Aligeuka mara moja. Lakini hakunigeukia mimi. Aligeukia mto. Kisha akasimama wima, shingo imenyooka, akaweka mikono miwili juu ya kichwa chake kitupu, akangoja.

Nilimbeba nikaingia naye ndani, na sijamwambia mtu mpaka naandika hapa. Moraa hatakiwi kujua. Au anatakiwa? Je, tumpe jina, mama yule aridhike? Au tukimpa ndipo atakuwa amempata? Alikuja kutuokolea mtoto au kujitafutia wake? Nimefikiri hadi kichwa kinauma, na kila jibu ninaloshika, la upande wa pili linavuta.

Nawe unayesoma, kama unakaa karibu na mto, nisikilize. Siku ambayo mto haufai kuwa na mtu, ukimkuta mama amesimama na mzigo wake chini, sikwambii umkatalie. Hata mimi sijui kama ningeweza kumkatalia tena, maana mtoto yuko hai. Nakwambia umwulize kwanza anakwenda wapi. Na ukimtwika, usifumbe macho. Mtazame usoni, ili watu wako wakikuuliza alikuwa nani, uwe na la kusema.

Kisha kagua mitungi yako kama ina ufa. Na Ijumaa, kabla jua halijazama, chota maji ya kutosha.